Mbegu Niliyomuuzia Mama Simiyu

Ipo siku moja nisiyoisahau, mwanangu, na mpaka leo nikiikumbuka huacha ninachokifanya. Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Nilikuwa na mkokoteni wangu mwenyewe na kibanda cha viazi kando ya barabara hapa Dandora, na nilijiona kwamba katika mitaa hii yote mpaka Lucky Summer hakuna anayeijua waru kunishinda. Waru ndivyo tulivyoviita viazi, nanyi bado mnaviita hivyo hivyo. Mimi watu waliniita Ndirangu wa Waru, na jina lile lilinikaa vizuri kama koti jipya.

Nakusimulia haya kwa sababu nawaona ninyi vijana siku hizi. Mtu anaishi ghorofa ya sita kule Kware, hana hata chungu cha maua dirishani, lakini amekodi shamba Nyandarua au Elgon na anasimamia kilimo chake kwa simu. Sikucheki. Nakusifu. Mlima una riziki, na viazi havimtupi mtu anayevijua. Ila nataka uvijue, tena uvijue kabla hujapanda, wala si kama nilivyovijua mimi.

Kazi yangu ilikuwa kwenda Kinangop, kule juu kwenye baridi, kununua viazi shambani na kuvileta mjini. Wiki moja mvua ilinyesha mno, barabara za vijijini zikawa matope matupu, na mkulima niliyemzoea akawa hafikiki. Nikaelekezwa kwa mwingine aliyekuwa karibu na lami. Nilipofika nikakuta shamba ambalo hata mgeni wa kilimo angelitilia shaka. Mimea ilikuwa imedumaa, haifiki magotini. Majani yake ya chini yalikuwa yamejikunja kwenda juu kama viganja vya mtu anayekinga maji, na ukiyagusa yanalia kama karatasi. Mimea mingine ilikuwa na mabaka, kijani hapa, manjano pale. Nikamuuliza mwenye shamba kuna nini.

“Ni ugonjwa,” akanijibu bila kunificha. “Viazi vyenyewe vinalika. Ila havikukua.”

Na kweli vilikuwa vinalika. Hapo ndipo ulipo ujanja wa maradhi haya, mwanangu. Kiazi kilichooza hujitangaza chenyewe kwa harufu. Kiazi chenye virusi hakinuki, hakina doa, hakilegei mkononi. Ukikichemsha kinaiva, ukikikaanga kinapendeza. Kinaitunza siri yake mpaka siku utakapokirudisha udongoni.

Nikanunua. Kwa kununua sikumkosea mtu, maana chakula ni chakula. Nilipofika Dandora, vile vikubwa vichache vikachukuliwa na wauza chipsi. Vidogo, vya ukubwa wa yai la kuku wa kienyeji, hakuna aliyevitaka, kwa sababu kuvimenya ni adhabu. Yakabaki magunia mawili nyuma ya kibanda, viazi vikaanza kutoa machipukizi. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Nami nikawa natafuta pa kukitembezea kibaya changu.

Ndipo akaja Mama Simiyu.

Mama huyu tulikuwa tumekaa ploti moja Lucky Summer, mlango wake unatazamana na wangu. Alikuwa mtu wa Bungoma, amenizidi umri kama miaka kumi, na alikuwa akifanya kazi katika kiwanda kimoja cha nguo huko Baba Dogo. Nilipohamia pale sina hata jiko, alinilisha ugali na mboga wiki nzima bila kuniuliza nitanunua jiko lini. Nilipougua homa ya matumbo, yeye ndiye aliyenitafutia dawa na kunikorogea uji. Halafu mume wake akafariki, na mwaka haukuisha kabla kiwanda hakijapunguza wafanyakazi, naye akawa miongoni mwao. Alikuwa na kipande kimoja tu cha tumaini: shamba ambalo baba mkwe wake alikuwa amemgawia marehemu mumewe, kwenye mteremko wa Mlima Elgon, juu ya Kimilili.

“Ndirangu, ndugu yangu,” akaniambia, amesimama mbele ya kibanda changu na leso yake mabegani, “nimeamua. Narudi mlimani. Kule kwetu ni baridi, waru itakubali. Nitafutie mbegu.”

“Mbegu usiitafute mbali,” nikasema, nikayavuta yale magunia mawili. “Hii hapa. Imetoka mlimani, imeshachipuka, inangoja udongo tu.”

Akainama, akachukua kiazi kimoja, akakigeuza mkononi. Hakuwa mtu wa kudanganywa ovyo.

“Mbona ni vidogo hivi?”

“Mbegu huwa ndogo, Mama Simiyu. Vikubwa ni vya kula.”

Akanitazama usoni. “Na shamba vilikotoka, uliliona?”

“Nililiona kwa macho yangu haya.”

Hebu yapime maneno hayo, mwanangu. Hayana uongo ndani yake. Shamba nililiona. Nilichokiona humo ndicho nilichokimeza. Nimeishi miaka mingi tangu siku ile, nami nimegundua kwamba uongo mtupu mtu huutema kwa woga, lakini ukweli uliokatwa nusu hutoka mdomoni laini kabisa, na mwenye kuusema hulala usingizi. Mimi nililala. Tena siku ya safari nilimbebea magunia yale mpaka kwenye basi, naye akanishika mkono akaniombea dua kituoni, watu wakitutazama. Nikaitika amina.

Miezi ikapita. Asubuhi moja nikamwona anakuja kando ya barabara, amekonda, amebeba kitu kilichofungwa kwa gazeti lenye unyevu. Hakuja kwa ugomvi. Laiti angekuja kwa ugomvi! Alikuja kuniomba msaada.

Akaliweka lile gazeti juu ya magunia, akalifungua. Ndani mlikuwa na mmea mzima wa kiazi na mizizi yake. Majani yalikuwa yamejikunja kwenda juu. Sikuhitaji kuyagusa kujua yatalia.

“Ndirangu, wewe ndiye unayeijua waru,” akasema. “Nimelima kama watu. Nimeweka mbolea, nimepalilia, mvua imenyesha. Lakini shamba lote limekuwa hivi. Na si langu tu. Wakati wa kupanda, majirani wanne walikuja kuniomba mbegu, nikawagawia, kwa maana nilijisifu kwamba imechaguliwa na mtu wangu wa Nairobi. Nao yao imekuwa hivi. Sasa shemeji yangu anasema nimeleta mkosi mlimani. Anasema mume wangu alikufa mikononi mwangu, na sasa udongo nao unakufa. Anataka nihame pale. Mzee, baba mkwe wangu, bado hajasema neno. Niambie, ndugu yangu, ni ugonjwa gani, nikamweleze mzee.”

Mwanangu, ninaweza kukuhesabia mara chache ambazo Mungu amenifungulia mlango wazi kabisa nipite. Ile ilikuwa mojawapo. Nami nikaufunga. Nilikohoa, nikakuna kichwa, nikasema, “Labda ni mvua imezidi. Pole sana, Mama Simiyu. Jaribu tena msimu ujao.”

Akanishukuru. Akaukunja mmea wake, akaenda kwa dada yake Lucky Summer alikofikia. Jani moja likabaki chini.

Sasa, kibandani kwangu alikuwako bibi mmoja aliyekuwa akinichagulia viazi, vizima huku, vilivyokatwa na jembe kule. Tulimwita Cucu Wairimu, maana cucu kwa Kikuyu ni nyanya. Alikuwa amelima Kinangop maisha yake yote kabla ya kuja kukaa kwa binti yake hapa Dandora. Alikuwa mtu wa maneno machache, na siku ile alikuwa ameketi kwenye kigoda chake akisikia kila kitu. Akainama polepole, akaliokota lile jani, akalisugua kwa vidole. Likalia.

“Jani hili nalijua,” akasema. “Na wewe unalijua. Nilikuona ulipoyaleta yale magunia, ukayaweka nyuma, hukuyaweka mbele.”

Nikataka kujitetea. Nikasema sikuwa na uhakika, nikasema hata mkulima mwenyewe hakujua jina la ugonjwa, nikasema biashara ni biashara. Aliningoja nimalize kama mtu anavyongoja gari lipite ndipo avuke barabara.

“Ndirangu,” akasema, “mama yule hakukuomba pole. Aliomba ukweli, na ukweli unao wewe peke yako. Anarudi nyumbani kufukuzwa kwa ajili ya kosa lako, na bado amekushukuru. Wewe utaziweka wapi shukrani hizo?” Akaliweka jani mkononi mwangu. “Mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini wewe umeyaficha maradhi yako, kifo kinamuumbua mwenzako. Nenda ukamwambie. Na usimwambie hapa Nairobi, peke yenu wawili, ukalia akakusamehe mkamaliza. Nenda huko huko alikotukanwa, ukaseme mbele ya waliomtukana.”

Akarudi kuchagua viazi.

Nilikemewa na watu wengi katika ujana wangu, wengine kwa matusi, wengine kwa mikanda. Hakuna aliyenifikia moyoni kama yule bibi na sauti yake ya chini. Nilimfuata Mama Simiyu Lucky Summer jioni ile ile, nikamwambia tu, “Kesho nakwenda nawe mlimani. Nitamweleza mzee mimi mwenyewe.” Akafurahi akidhani naenda kama mtaalamu. Niliiacha furaha yake ilivyo, na njia nzima ilinichoma kuliko jua.

Tulifika kesho yake alasiri. Mlima ule ni mzuri, mwanangu, ukungu umekaa juu yake kama kilemba, na udongo wake ni mweusi, mtu anatamani kuushika. Baba mkwe wake, Mzee Wepukhulu, alikuwa mrefu, amevaa koti zito na kofia ya sufu. Tulipopumzika kidogo, nikamwomba awaite wale majirani wanne na yule shemeji, tukutane shambani. Akatuma neno.

Walipokuja nikasimama katikati ya ile mimea iliyojikunja. Nikasema, “Mama huyu hajaleta mkosi wowote. Mbegu hii nilimuuzia mimi. Shamba ilikotoka lilikuwa gonjwa, nililiona likiwa hivi hivi kama mnavyoliona hili, na aliponiuliza sikumwambia. Jana aliniuliza tena, na tena nikamficha. Kosa ni langu, si lake wala si la marehemu.”

Kisha mmoja wa wale majirani, baba mwenye mikono minene, akaja kunishika kola. “Watoto wangu watakula nini?” akanguruma. “Watakula maneno yako?” Sikumsukuma. Angenipiga, na angekuwa na haki. Mama Simiyu hakunitazama. Alikuwa ameziba mdomo kwa leso, na machozi yanamtiririka, nami sikujua kama ni ya hasira au ya mtu aliyetuliwa mzigo. Labda yote mawili.

“Mwache,” Mzee Wepukhulu akamwambia yule jirani. Kisha akanigeukia. “Kijana, umesafiri siku nzima kuja kujitukana mwenyewe. Hilo nimelisikia. Lakini usidhani umemaliza. Kusema kosa ni kufungua mlango tu. Kazi iko ndani ya nyumba. Utakaa hapa mpaka shamba la mwisho lisafishwe.” Halafu akamwambia mwanawe, yule shemeji, bila kupandisha sauti, “Na wewe, mkosi umeuona una miguu na jina, umetoka Dandora. Shamba hili ni la mke wa ndugu yako. Sitaki kusikia tena.”

Shemeji akainamisha kichwa. Neno la kumfukuza mama yule halikusemwa tena.

Kesho yake mzee alimwita afisa wa kilimo wa eneo lile, dada mmoja aliyekuja kwa pikipiki, amevaa gambuti. Alizunguka mashamba yote matano. Akapindua majani akatuonyesha wadudu wadogo mno upande wa chini, wa kijani, wamekaa kimya kama vumbi. “Hawa ni vidukari,” akasema. “Hufyonza utomvu wa mmea mgonjwa, kisha huhamia kwenye mmea mzima na kuuachia virusi. Hakuna dawa ya kuuponya mmea ulioambukizwa. Ukiuacha, unaambukiza wengine. Ukihifadhi viazi vyake kwa mbegu, unapanda ugonjwa kwa mkono wako.”

Mzee Wepukhulu akauliza mbona zamani hawakuwaona wadudu hao juu kule. Yule dada akasema baridi ndiyo iliyokuwa mlinzi wao. Vidukari hupenda joto. Siku za joto zikizidi, huupanda mlima hatua kwa hatua, na mashamba yaliyokuwa salama hujikuta hayana mlinzi. Maneno hayo niliyasikia nikiwa kijana, na leo uzeeni nayaona kwa macho. Umande ulioganda uliokuwa ukituunguza vidole Kinangop sasa unakuja kwa nadra. Ndiyo maana nakuambia, mwanangu, mlima pekee hauwezi tena kukulindia mbegu. Ilinde wewe.

Kazi ikaanza. Tuling'oa mmea mmoja mmoja, tukautia kwenye gunia usiguse mingine, tukaenda kuifukia mbali. Tulinawa mikono na kusafisha majembe kila tulipotoka shamba moja kwenda jingine, kwa maana yapo maradhi mengine ya viazi yanayopanda hata vidoleni mwa mtu. Vile viazi vichache vilivyopatikana tulivipeleka jikoni, tukavila vyote, kisibaki hata kimoja cha kupanda. Yule jirani wa mikono minene alikataa. Alisema hang'oi, heri avune vidogo kuliko kukosa kabisa. Hatukumlazimisha. Lakini mama yule, Mama Simiyu niliyemdanganya mimi, alimwendea na debe la mahindi kutoka ghalani mwake, akaliweka mlangoni pake.

“Haya ni ya watoto,” akamwambia. “Nilikupa mbegu mbaya bila kujua. Sasa najua, siwezi kukaa nikiitazama inakumaliza.”

Baba yule alisimama akaliangalia lile debe. Kisha akachukua jembe, akaja nalo shambani, na siku ile alifanya kazi kutushinda wote. Nami nikajifunza jambo: mimi mwenye kosa nilikuja na maneno, yeye asiye na kosa alikuja na mahindi.

Nilikaa kule wiki tatu. Niliporudi Dandora niliuza mkokoteni wangu, yule dada wa kilimo akatuelekeza mahali pa kupata mbegu iliyopimwa na kuthibitishwa, nikainunua kwa fedha hiyo na kuipeleka mlimani. Haikuwa nyingi, ilitosha pembe moja ya shamba la Mama Simiyu, kule juu kabisa kwenye baridi, mbali na viazi vya watu wengine. Kwa muda mrefu baada ya hapo nilibeba viazi mgongoni kama nilivyoanza. Cucu Wairimu hakunisifu. Aliniongezea chai tu.

Mbegu ile ndogo ndiyo waliyoizidisha. Yule dada aliwafundisha jambo ambalo nimewafundisha watu wengi tangu hapo. Shamba likianza kutoa maua, pita katikati ya mistari. Kila mmea ulionawiri, wenye majani mapana yaliyonyooka, chomeka kijiti kando yake. Mgonjwa mng'oe. Rudi tena baada ya wiki mbili uvikague vijiti vyako, kwa maana mwingine uliyemdhania mzima utamkuta ameanza kujikunja. Huyo mng'oe pamoja na kijiti chake. Siku ya kuvuna, anza na yenye vijiti, chimba kila shina peke yake, na hiyo ndiyo mbegu yako. Watu wengi hufanya kinyume: huuza vikubwa, wakabakiza vidogo kwa kupanda. Hawajui kwamba mara nyingi vidogo ndivyo watoto wa mmea mgonjwa. Msimu kwa msimu, bila kujua, mtu huyo huchagua ugonjwa na kuuza afya. Bandu bandu huisha gogo.

Msimu wa kwanza walipata kidogo. Wa pili wakagawana. Wa tatu nilialikwa kwenye mavuno, na nilipofika nilikuta mashamba yote matano yamesimama, majani yamefunguka kama masikio ya punda, na Mama Simiyu yuko kati yake akitoa amri kama chifu. Yule shemeji ndiye aliyekuwa akimbebea magunia.

Ulitaka kuniuliza kama alinisamehe. Hakuwahi kuniambia. Lakini miaka michache baadaye, Simiyu wake alipopata nafasi ya kusoma Nairobi, alimleta moja kwa moja kwangu Dandora akae nami. Nikamwambia, “Mama Simiyu, unaniamini na mtoto?” Akacheka, lile cheko lake la Lucky Summer.

“Mtoto nitakuachia, Ndirangu,” akasema. “Mbegu sitakuachia.”

Na hakuniachia kweli, mpaka leo. Viazi vyake vya kula naviuza mimi, vya kupanda anavitunza mwenyewe, nami sina neno. Kosa moja haliachi mke, lakini mke ana haki ya kukumbuka.

Basi mwanangu, wewe uliyekodi shamba, nisikilize sasa, maana mzee akisema sana mwisho husinzia. Usinunue mbegu sokoni. Sokoni tunauza chakula, na muuza chakula hajui, au kama mimi, anajua na hasemi; mwamba ngoma huvutia kwake. Tafuta mbegu iliyothibitishwa, hata kama ni debe moja, uizidishe kwa subira. Usimtume mtu kwa simu akuangalizie. Mimea inapochanua, nenda mwenyewe, pindua majani utazame chini yake. Ukiona mmea umejikunja, usiuonee huruma. Viazi vinavyojiotea vyenyewe baada ya mavuno ving'oe, kwa sababu ndimo ugonjwa unamojificha kungoja mwakani, na shamba lipumzishe kwa mahindi au maharagwe kabla ya kurudisha viazi. Na jirani yako ukimwona ana shida shambani, usicheke na usinyamaze, maana kidukari hakijui mpaka wa shamba. Ninyi wa mlima mmoja mtapona pamoja, au hamtapona.

Hayo ni ya shamba. La moyo ni moja tu. Mtu akikuuliza unachokijua, mpe chote. Usimpe nusu. Na ukishampa nusu, wala usijione umepotea, kwa maana mimi nilikuwa huko na nimerudi: ondoka leo, mfuate mpaka alipoumizwa na neno lako, ukaseme iliyobaki mbele za watu. Kisha ushike jembe. Utaona aibu, ndiyo, lakini aibu haijamuua mtu, na kazi ya mikono huimaliza. Viazi vya mlimani havijashindwa na maradhi haya popote ambapo watu waliambiana ukweli mapema. Nimeyaona hayo kwa macho yangu haya, na safari hii nimekwambia yote niliyoyaona.

Nenda, mwanangu. Mungu aubariki mkono wako unaopanda na ulimi wako unaosema. Udongo wa mlima ukupokee vyema, mvua ikujie kwa kipimo, na siku utakayogawa mbegu kwa jirani, igawe ukiwa umemtazama machoni. Amina.